Nyuma ya neno "sijambo": Kwa nini zahanati zituulize habari za mioyo yetu



Hapa kwetu Makumira, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, Waislamu si wengi. Tunaishi baina ya migomba na mibuni, jirani na chuo kikuu cha Walutheri, na wengi wetu ni vibarua wa mashamba ya kahawa na maua, wachuuzi wa Usa River na soko la Tengeru, mafundi na madereva. Jamii ikiwa ndogo, msikiti hubeba mengi. Watu huuletea ndoa zao, mirathi yao, ada za watoto wao na maradhi yao. Kamati yetu ina daftari ambamo maombi ya dua na ya msaada huandikwa baada ya swala ya Ijumaa, ili imamu ayajue na mfuko wa msikiti uyatazame.

Anayelisoma daftari hilo la mwaka mzima kwa utulivu ataona jambo. Maombi ya malaria, ajali na upasuaji huja na kupita. Mtu hupona akaja kushukuru, au hufariki tukamzika, Allah amrehemu. Lakini yapo maombi yasiyokwisha: kichwa kisichopona, usingizi uliopotea, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka moto, mwili kukosa nguvu, "mawazo". Majina ni yale yale. Wenye majina hayo wengi wamekwisha kupimwa malaria, taifodi na presha. Wamepewa dawa za maumivu na za vidonda vya tumbo. Na baada ya wiki mbili wamerudi kuomba dua ile ile.

Wataalamu wa afya wana jina la hali nyingi za namna hii. Huziita maradhi ya kawaida ya akili, na makubwa kati yake ni mawili: sonona na wasiwasi uliopindukia. Neno sonona si geni kwetu. Limo ndani ya kusononeka, na wazee wetu walilijua kabla ya hospitali kujengwa. Wala hatumzungumzii hapa yule anayetembea njiani akisema peke yake, ambaye watu wasio na huruma humtania kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limefanywa mzaha nchi nzima. Tunamzungumzia mtu mwenye kanzu safi, anayesimama safu ya kwanza, anayewapeleka watoto wake madrasa, na ambaye kwa miezi kadhaa hajaonja ladha ya chochote.

Mwaka 2003 jarida moja la kitaalamu la Uingereza lilichapisha utafiti wa Mdimu Ngoma na wenzake uliofanyika Dar es Salaam. Watafiti hao waliwachunguza watu waliofika kutibiwa katika vituo vya huduma za afya ya msingi, na wengine waliofika kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na maradhi haya, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne waliokuwa kwenye foleni. Kwa waganga wa jadi ilikuwa asilimia 48.

Tofauti hiyo inastahiki kutafakariwa na kila mwenye kuhangaikia imani ya jamaa zake. Mganga wa jadi hukaa na mtu. Humwuliza habari za nyumbani, za mkwe, za jirani, za ndoto, za biashara iliyokufa. Jibu lake laweza kuwa ramli na hirizi, na sisi tunajua hayo yanampeleka wapi Muislamu. Lakini swali lake limegusa mahali panapouma. Zahanati nyingi, kwa wingi wa watu na uchache wa wahudumu, humwuliza mgonjwa kichwa kinauma tangu lini, kisha humwandikia dawa. Mwenye sonona akikosa swali lake zahanati, atalifuata kwingine.

Mtu aweza kusema: mbona tunaulizana kila siku? Ni kweli, watu wa lugha yetu hawapitani bila kusalimiana. Lakini tazama salamu zetu zilivyo. Anayeulizwa "hujambo" hana budi kujibu "sijambo". Anayeulizwa "habari za asubuhi" hujibu "nzuri", hata kama hakulala. Hata mwenye msiba husema "nzuri", kisha ndipo aongeze "ila". Na Muislamu akiulizwa hali yake humhimidi Allah, jambo ambalo ni adabu njema na ibada. Salamu hizi ni za kupeana amani, na hazikuwekwa ili kumchunguza mtu. Mwenye maradhi ya moyo aweza kusalimiwa na watu 50 kwa siku, akawajibu wote kwa ukweli wa adabu, na asiwepo hata mmoja aliyejua kwamba anaumwa.

Kwa hiyo panatakiwa swali la pili, na mahali pake panapofaa zaidi ni zahanati na kituo cha afya, kwa kuwa huko ndiko watu wanakokwenda tayari kwa ajili ya kichwa na tumbo. Swali lenyewe si refu. Njia inayotumika sana ina maswali mawili ya mwanzo, yote yakihusu wiki mbili zilizopita: je, umekuwa huna hamu wala raha ya kufanya mambo? Je, umekuwa na huzuni, au kuona kwamba hakuna tumaini? Akijibu kwamba ndiyo, na kwamba ni siku nyingi, huongezewa mengine yakafika 9. Huulizwa habari za usingizi, uchovu, chakula, kujiona hafai, kushindwa kutuliza fikra, na mwili kuwa mzito au kutotulia. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 kwa asiyepatwa kabisa mpaka 3 kwa anayepatwa karibu kila siku, na jumla yake haizidi 27. Kwa kawaida anayefikia 10 huhitaji kuangaliwa kwa makini. Dodoso hilo, liitwalo PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa hapa Tanzania. Liko na dodoso jingine la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 20 ya ndiyo na hapana, lililotayarishwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Swali lake la kwanza ni la kichwa kuuma, la pili ni la hamu ya chakula, la tatu ni la usingizi. Aliyelitunga kana kwamba alilisoma daftari la msikiti wetu.

Ifahamike kwamba alama hizi hazimfanyi mtu kuwa mgonjwa, kama vile joto la mwili peke yake lisivyothibitisha malaria. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi huweza kuleta uchovu na unyonge kama huo huo, na ni wajibu wa tabibu kuyatazama. Aliyefiwa wiki iliyopita atajibu ndiyo kwa mengi, na huenda anachohitaji ni tanzia na watu wa kukaa naye. Dodoso hugonga mlango tu. Tabibu ndiye anayeingia na kutazama.

Tueleze tukio moja, na mwenyewe ametupa idhini kwa sharti la kutomtaja jina. Ni fundi cherehani, baba wa watoto wanne, mtu wa safu ya kwanza. Mwaka mmoja tukaona anatoka mara tu baada ya salamu ya swala, hasemi na mtu. Kisha akakosekana Alfajiri. Vitambaa vya wateja vikalala kwenye rafu miezi miwili, na wateja wakaja kulalamika hadi mlangoni mwa msikiti. Katika muda mfupi alitibiwa taifodi mara tatu. Mkewe akatuomba tumsindikize zahanati, kwa kuwa alikuwa hataki tena kwenda. Wawili wetu tukaenda naye. Tabibu, kijana mtaratibu, alipoona karatasi zake za nyuma alituomba tutoke nje, akafunga mlango, akamwuliza yale maswali mawili, kisha yale 9.

Swali la tisa ni zito. Humwuliza mtu kama amekuwa akifikiri kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Ndugu yetu alijibu ndiyo. Hakuwahi kumwambia mkewe, wala imamu, wala sisi. Baadaye alitwambia hivi: "Ndugu zangu, kusema mwenyewe niliogopa, mngeniona nimetoka katika dini. Lakini nilipoulizwa, kudanganya nikashindwa."

Wapo wanaochelea kwamba kuuliza swali hilo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na wanakubaliana kwamba kuuliza hakupandikizi wazo; wengi huona wepesi kwamba hatimaye wametua mzigo. Siku ile ile tulikwenda naye Tengeru, kwenye hospitali ya wilaya, naye akaanzishiwa matibabu ya ushauri na vidonge.

Katika ushauri ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa amekopa mikopo ile iitwayo kausha damu, mmoja ili kulipa mwingine. Riba ilimwongezea aibu juu ya deni, kwa sababu alijua hukumu yake. Hapo tulikumbuka dua mashuhuri ya Mtume (S.A.W.), ambamo amejikinga kwa Mola wake kutokana na hamu na huzuni, na ndani ya dua hiyo hiyo akajikinga na kulemewa na deni. Vitu hivyo vimewekwa pamoja, na yeyote aliyeishi na watu anajua kwa nini. Kidonge hakilipi deni. Kamati ilikaa na wadai, mfuko ukasaidia kiasi, na wenye kazi za kushona wakazipeleka kwake. Lakini deni lingelipwa lote, kama angebaki bila matibabu, asingekuwa na nguvu ya kuinuka kukanyaga cherehani. Leo ameirudia Alfajiri. Zipo siku nzito bado, naye huzisema.

Jambo hili lilipozungumzwa kwenye kamati, mmoja wa wazee wetu, tunayemheshimu kwa elimu na umri, alisema: "Vijana wangu, dawa ya moyo ni dhikri. Anayeswali swala tano ana haja gani ya karatasi ya maswali?" Kauli yake ina ukweli ndani yake, na hatukuipuuza. Dhikri ni utulivu wa moyo, na kisomo cha ruqya ni katika mafunzo ya Mtume (S.A.W.). Lakini Qur'ani yenyewe imetusimulia habari za Nabii Yaaqub (A.S.), aliyempoteza mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Huyo ni Nabii, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Na katika huzuni hiyo hiyo aliwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Kutafuta na kutokata tamaa amevitaja pamoja. Mama Aisha (R.A.) naye alikuwa akiagiza uji wa shayiri, talbina, upikwe kwa ajili ya waliofiwa, kutokana na aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa. Uji ni chakula cha mwili, na umetajwa kuwa faraja ya moyo.

Wanazuoni wetu waliendelea na njia hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aligawa huzuni katika mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na isiyo na sababu inayojulikana, ambayo aliona asili yake imo mwilini na hivyo tiba yake ihusishe mwili. Hayo yaliandikwa na Muislamu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tuliposoma hayo mbele ya mzee wetu, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi aulizwe, na dhikri asiiache." Hilo ndilo lililokuwa azimio la kamati.

Pingamizi zito zaidi tulilipata kwa muuguzi wa zahanati moja tuliyoitembelea. Alisema: "Ustadhi, mnataka niulize. Akisema ndiyo, nimpeleke wapi? Niko peke yangu, na foleni ile pale." Neno lake ndilo wanalobishania hata wakubwa wa dunia. Nchini Marekani jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2016, na tena mwaka 2023, kwamba watu wazima wachunguzwe sonona wanapofika kutibiwa. Uingereza, kamati ya taifa inayoshughulikia uchunguzi wa namna hii haikupendekeza watu wazima wote wapimwe. Pamoja na tofauti hiyo, jambo moja haliwatenganishi: kuuliza kusikofuatwa na tiba hakumfai mgonjwa. Aliyeuliza amepokea amana, na amana haiachwi mlangoni.

Jibu la muuguzi yule limekwisha kupatikana si mbali nasi. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alipatwa na msiba wa mgonjwa wake, binti aliyejiua baada ya familia kukosa nauli ya basi ya dola 15 ya kumrudisha hospitalini. Kuanzia mwaka 2006 huko Mbare, Harare, akawafundisha akina bibi wahudumu wa afya kuwauliza watu maswali 14 kwa lugha yao ya Kishona, kisha kukaa nao kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja moja. Huko maradhi haya huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hata sisi tungelielewa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 ukiwa na watu 573: baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha kuvuka na kufika Zanzibar. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ndiyo iliyochaguliwa kuanza mpango wa taifa wa kuingiza afya ya akili katika huduma za msingi. Kilimanjaro ni jirani yetu. Kutoka hapa ni safari ya daladala.

Hatuna sababu ya kusubiri kila zahanati ipate daktari bingwa. Yapo ambayo jamii ya msikiti yaweza kuyafanya sasa, nasi tumeyaanza. Tumewateua akina mama wawili na wanaume wawili, watu wa siri, wa kumsindikiza mgonjwa na kumrudia nyumbani kila wiki. Nauli ya kwenda Tengeru, au Hospitali ya Mount Meru mjini Arusha, imewekewa fungu katika mfuko. Tumeiomba zahanati isiulize maswali hayo kwenye foleni, mbele ya majirani, na mwanamke aulizwe na mwanamke inapowezekana, bila mume wala mkwe kusimama pembeni. Linalojulikana kwa mgonjwa halitajwi barazani wala kwenye mazungumzo ya posa.

Kwa familia, tunausia machache. Ukiwa na kichwa au tumbo lisilopona na vipimo havionyeshi kitu, mwambie tabibu mwenyewe kwamba hulali na huna raha, hata kama hakukuuliza. Ukiulizwa, jibu kweli. Alhamdulillahi ni ya Mola wako katika kila hali, na habari za maumivu ni za tabibu wako. Mjane aliye katika eda asizuiwe kwenda kutibiwa, kwa kuwa wanazuoni wamemruhusu kutoka kwa haja, na tiba ni haja. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na hazikatizwi ghafla kwa sababu mtu amejisikia vizuri. Baadhi ya wanaosema "hazikufaa" huenda hawakuzisubiri. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa azungumze na tabibu mapema juu ya saa za kumeza dawa, baina ya futari na daku. Na jamaa yeyote akitamka kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake, asikaripiwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunawaomba viongozi wa misikiti mingine, kuanzia Usa River hadi Arusha mjini na kwingineko nchini, wakutane na wahudumu wa zahanati za karibu yao na kuwauliza kama maswali haya mawili huulizwa, na nini hufuata mtu akijibu ndiyo. Ni ziara ya saa moja. Kwa aliye kwenye foleni akisema "sijambo" kwa kila ampitaye, saa hiyo yaweza kuwa uhai wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha, awafariji waliofikwa na hamu na huzuni, awaondolee madeni waliolemewa, na atujaalie kuwa watu wa kuuliza na wa kuibeba amana ya jibu. Amin. Wabillahi tawfiq.